Mama Hakuogopa Bahari

Kiangazi kilichopita niliwaambia ndugu zangu walioko Wete, Pemba, na Muscat kwamba mama hakupanda meli ya Alaska kwa sababu aliogopa bahari. Niliyaandika maneno hayo kwenye kundi letu la familia, nikabandika na picha za milima yenye theluji, nao wakayapokea. Mama naye aliyasoma, akanyamaza. Ulikuwa uongo. Mama amevuka mkondo wa Nungwi tangu msichana, kwa jahazi, kwa mashua na kwa boti za abiria ambazo vijana hutapika ndani yake, na sijapata kumsikia akilalamika. Hakupanda kwa sababu mimi, mwanawe wa kwanza, nilichagua meli vibaya na bandari vibaya, na sikuifungua pasipoti yake hata mara moja kuangalia inamruhusu kufika wapi. Na meli ilipong'oa nanga, mimi nilikuwa ndani.

Nataka kueleza nilivyofika hapo, tena kwa urefu, kwa sababu kosa langu lilikuwa na tabaka. Lilianza kwa uvivu, likapitia kwenye fahari, likaishia kwenye woga. Na ndani yake mna mambo ya bahari, ya sheria na ya viza ambayo mtu yeyote anayefikiria kumpeleka mzazi wake safari ya namna hii anapaswa kuyajua kabla hajalipa hata senti.

Marehemu baba alikuwa baharia. Miaka ya 1970 alifanya kazi kwenye meli za mizigo za kigeni, akafika bandari za kaskazini ambako majira ya baridi bahari hushika barafu. Akirudi likizo alisimulia vipande vya barafu vikielea, rangi yake ya buluu, na baridi ya kugandisha ndevu. Sisi watoto tulichukulia ni hadithi za kulalia. Mama alichukulia ni habari. Alimuuliza: ina chumvi? Inanuka? Inatoa sauti ikivunjika? Baba alipofariki, maswali yale yalibaki kwa mama. Basi siku nilipompigia simu kumwambia viza yake ya Marekani imetoka, hakuuliza maghorofa wala maduka. Alisema, "Mwanangu, huko kwenu kuna ile barafu ya baharini aliyokuwa akiisema baba yako? Kama haiko mbali, nipeleke nikaione." Mama si mtu wa kuomba. Sikumbuki ombi jingine aliloniomba kwa ajili ya nafsi yake.

Tunakaa Kent, kusini mwa Seattle, na Seattle ni moja ya bandari kubwa za meli za kitalii ziendazo Alaska. Kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi Oktoba meli hizo hutoka na kurudi, safari ya wiki moja. Nikaona Mungu amenirahisishia: hakuna ndege ya kupanda, hakuna hoteli, ni kutoka nyumbani kwa gari hadi gatini. Nikakaa na watoto mbele ya kompyuta kuchagua meli. Tulichagua iliyokuwa na bomba la kuteleza majini, vigari vya mashindano juu ya sitaha na migahawa isiyohesabika. Bei ilikuwa nafuu kuliko meli ndogo. Nilijisikia fahari, niliona mama akirudi Wete atakuwa na ya kusimulia. Mama mwenyewe, aliyekuwa ameshawasili kwetu, alikuwa jikoni, hatua chache kutoka pale, na hakuna aliyemwita aje atazame. Nilichagua meli ya kumfurahisha mtoto wa miaka kumi, nikamwandikisha mwanamke mzima aliyetaka kitu kimoja tu: kuona barafu kwa karibu.

Sikujua, kwa kuwa sikutafuta kujua, kwamba bandari ya kuondokea ndiyo inayoamua utaona nini. Meli zinazotoka Vancouver, upande wa Kanada, hupita ndani, kati ya Kisiwa cha Vancouver na bara. Hiyo ndiyo njia ambayo watu huilipia: maji yaliyokingwa na visiwa, misitu hadi ukingoni, na mahali penye mlango mwembamba uitwao Seymour Narrows, ambako mkondo waweza kufikia noti 15, hivyo meli hupanga muda wake ili zipite maji yanapotulia kati ya kupwa na kujaa. Zamani katikati ya mlango huo palikuwa na mwamba uliozamisha vyombo vingi. Tarehe 5 Aprili 1958 Wakanada waliulipua, kwa mlipuko unaohesabiwa miongoni mwa mikubwa kabisa isiyo ya nyuklia kupata kufanywa na binadamu. Mtoto wa Pemba anayajua maji ya namna hiyo, na mama angesimama kwenye sitaha tangu alfajiri kuyatazama.

Meli kubwa zitokazo Seattle kwa kawaida hupita nje, magharibi ya kisiwa hicho hicho, kwenye bahari kuu ya Pasifiki. Huko hakuna cha kukinga upepo, na siku nzima unaona maji na mawingu tu. Yako pia mambo ya kimo cha meli. Kuingia bandari ya Vancouver ni lazima upite chini ya daraja la Lions Gate, na nafasi iliyopo kati ya maji na daraja ni kama mita 61. Zipo meli ambazo kwa kimo chake haziwezi kupita pale, kwa hiyo kadiri unavyotaka meli ya kimo kirefu yenye mabomba ya kuteleza, ndivyo unavyozidi kusukumwa kwenye bandari ya Seattle na kwenye njia ya nje. Mimi niliona nimechagua meli, kumbe nilikuwa nimeshachagua na njia.

Nilikuwa nimechagua na barafu vilevile. Glacier Bay, mbuga ya taifa ambayo wengi huiwaza wakisikia jina la Alaska, hairuhusu zaidi ya meli kubwa mbili za kitalii kwa siku, na vibali hivyo vinashikwa na kampuni chache. Kapteni George Vancouver alipopita pale mwaka 1794, barafu ilikuwa imeijaza ghuba yote isipokuwa mdomo wake. John Muir alipofika mwaka 1879 ilikuwa imerudi nyuma makumi ya kilomita, na sasa imerudi takriban kilomita 100 kutoka ilipokuwa. Wenyewe wa mahali pale ni watu wa Huna Tlingit. Waliishi humo kabla barafu haijasonga mbele karne ya 18 ikawafukuza kwenye vijiji vyao, na hadi leo wanapaita kwao. Siku meli inapoingia, walinzi wa mbuga hupanda na kukaa na abiria kuwaeleza, na meli husimama mbele ya mto wa barafu wa Margerie, ikageuka taratibu ili pande zote mbili zione. Hayo yote niliyasoma baadaye, usiku, baada ya safari. Meli yangu haikuwa na kibali cha kuingia Glacier Bay. Ratiba yake ilisema Endicott Arm, hori refu kusini mwa Juneau, na mimi sikuona tofauti, kwa sababu kila picha kwenye tangazo ilikuwa na barafu.

Lakini yote hayo mama angeyasamehe bila hata kujua. Lililomzuia ni jambo jingine.

Karibu meli zote kubwa za kitalii zimesajiliwa nje ya Marekani: Bahamas, Panama, Bermuda, Malta. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inakataza meli ya kigeni kubeba abiria kutoka bandari moja ya Marekani hadi nyingine. Hata safari ya kuondoka Seattle na kurudi Seattle lazima iguse bandari ya nchi nyingine njiani. Ndiyo maana meli za Seattle, zikishamaliza Juneau, Skagway na Ketchikan, hutia nanga Victoria, mji mkuu wa British Columbia, aghalabu jioni na kwa saa chache tu, kisha huondoka usiku. Sheria hiyo ina nguvu kiasi kwamba wakati wa korona, Kanada ilipofunga bandari zake, ilibidi bunge la Marekani lipitishe sheria ya muda mwaka 2021 ndipo meli za Alaska ziweze kusafiri.

Victoria ni Kanada. Mwenye pasipoti ya Tanzania anahitaji viza ya Kanada, na viza ya Marekani haichukui nafasi yake. Mimi nina kadi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani, na mwenye kadi hiyo haombwi viza ya Kanada. Mke wangu hali kadhalika. Watoto wamezaliwa hapa. Kwa hiyo katika nyumba yetu neno viza ya Kanada halikuwahi kutajwa, nami nilimhesabu mama kana kwamba naye alikuwa na karatasi zangu. Kampuni ya meli ilituma ujumbe kwamba kila abiria ahakikishe ana hati za nchi zote zitakazoguswa. Niliubonyeza ujumbe huo, nikateremka hadi chini, nikaweka alama kwenye kisanduku cha kukubali. Sikusoma. Siwezi kumlaumu mtu mwingine hata kidogo.

Na hapa kuna jambo linaloniuma kila nikilifikiria. Kama ningechagua Vancouver, viza ya Kanada ingekuwa swali la kwanza, kwa sababu safari ingeanzia Kanada. Ningeomba mtandaoni, ningempeleka mama kutoa alama za vidole, tungengoja majibu, na kama angekataliwa tungejua mapema na kupanga jambo jingine. Seattle ndiyo iliyonipumbaza. Safari ilionekana ya ndani kwa ndani, kutoka Marekani kwenda Marekani, na zile saa chache za Victoria zilikuwa mstari mmoja mwishoni mwa ratiba.

Gatini, yule dada wa kaunta aliifungua pasipoti ya mama, akapekua kurasa, akarudia kupekua. Akamwita mkubwa wake. Wakanieleza kwa upole. Nilibisha. Nikasema mama hatashuka Victoria, atakaa chumbani, nitatia saini popote. Mkubwa akasema haiwezekani. Nyuma yetu foleni ilikuwa ndefu. Watoto walikuwa wameshavaa kadi zao shingoni. Mama hajui Kiingereza, lakini alikwisha kufahamu kabla sijamgeukia. Alikuwa amevaa koti zito jipya alilonunuliwa na mke wangu, na chini yake kanga, na mkononi ameshika mfuko mdogo wa kashata alizotutengenezea za njiani.

Mke wangu alisema, "Mimi nabaki na mama. Wewe nenda na watoto." Mama akakataa. Akasema, "Nendeni wote, mwanangu. Msiwavunje watoto moyo. Mimi nitakaa kwa jirani." Jirani yetu ni mama wa Lamu, wanaelewana sana. Pesa za safari hazikuwa za kurudishwa. Haya yote ni kweli, na nimeyatumia yote kujitetea. Lakini mke wangu alisema anabaki, na mimi sikusema. Ilikuwa zamu yangu kusema, maneno mawili tu, "nabaki mimi," na sikuyasema. Nilimpigia jirani simu, akaja kumchukua mama na gari yake, nami nikapita kaunta.

Sitaisimulia sana safari yenyewe. Siku ya kwanza bahari ilichafuka, watoto wakalala na ndoo, na vigari havikuendeshwa kwa sababu ya upepo. Ketchikan ilinyesha, kama kawaida yake. Ni mji unaopata karibu mita 4 za mvua kwa mwaka. Juneau, mji mkuu wa jimbo usiofikiwa kwa barabara kutoka popote, ilikuwa imejaa watu wa meli nyingine kama sisi.

Ila asubuhi ya Endicott Arm nitaisimulia, kwa sababu ndiyo mama aliyoiomba. Milima ilisimama pande zote mbili, maporomoko ya maji yakishuka kutoka juu. Maji yalikuwa ya kijani kizito. Kisha vipande vya kwanza vikaanza kutokea, vidogo, halafu vikubwa kama nyumba, na baadhi vilikuwa buluu kabisa. Nilisikia mtu akieleza kwamba barafu iliyobanwa kwa miaka mingi hutoka hewa, na ikiwa imeshikamana hivyo hunyonya rangi nyekundu ya mwanga na kuiachia buluu. Baba hakuwa ameongeza chumvi kwenye hadithi yake. Sili walikuwa wamelala juu ya vipande na watoto wao. Mbele kabisa, kwenye kona ya hori, niliona ukuta wa mto wa barafu wa Dawes, ukanda mwembamba kwa umbali ule. Barafu iliyoelea ilikuwa nyingi, meli yetu ilikuwa kubwa, na nahodha akatangaza kwamba hatasogea zaidi. Meli ikageuka. Hatukuusikia ukivunjika. Binti yangu alikuwa akipiga video. Akaniuliza kama amtumie Bibi sasa hivi au asubiri hadi tufike. Nikamwambia asimtumie. Nilimwambia hivyo kwa sababu niliona aibu, na mtoto akafuta.

Usiku wa Victoria nilishuka. Nilionyesha kadi, nikapita. Nilitembea hadi mwisho wa gati nikarudi. Abiria wengi hawakushuka kabisa.

Ndipo nikawaandikia ndugu zangu ule uongo, nikiwa bado kwenye meli, kwa sababu mdogo wangu wa Wete alikuwa ameshauliza mara kadhaa mbona mama hayumo kwenye picha.

Baada ya kurudi nilianza kusoma, kwa bidii ya mtu aliyechelewa. Nikagundua kwamba barafu ya mama ilikuwapo ndani ya viza ile ile aliyokuwa nayo mkononi. Bellingham, takriban kilomita 140 kaskazini mwa Seattle, kuna feri za serikali ya jimbo la Alaska, huduma iliyoanza mwaka 1963. Zinabeba watu na magari ya wenyeji, zinapita ile njia ya ndani yenye visiwa, na zinakwenda hadi Ketchikan bila kutia nanga Kanada, kisha zinaendelea Wrangell, Petersburg hadi Juneau. Hazina bomba la kuteleza. Watu hulala kwenye viti vya sitahani au huchukua kabini ndogo. Ukifika Juneau, mto wa barafu wa Mendenhall uko mwendo mfupi wa gari kutoka mjini. Mama, aliyezoea kulala juu ya mizigo ndani ya jahazi, angekuwa kwake.

Zipo pia meli ndogo zilizosajiliwa Marekani ambazo huanzia na kumalizia Alaska kwenyewe. Ni ghali, na sidhani ningezimudu. Lakini kuna njia nyingine ambayo ningeimudu kwa pesa ile ile niliyoitupa: ndege kutoka Seattle hadi Anchorage, safari ya ndani ya nchi, kisha treni kwenda Seward, kama saa nne hivi za milima na maji, na kutoka Seward boti za siku moja zinazoingia mbuga ya Kenai Fjords. Boti hizo ni ndogo, na siku bahari ikikubali husogea mbele ya mito ya barafu ya Aialik au Holgate, zikazima injini ili abiria wasikie. Swali la mama kuhusu sauti lingejibiwa pale.

Nikiulizwa leo na mtu anayetaka kumchukua mzazi Alaska, sianzi na meli. Namuuliza pasipoti ni ya nchi gani na ina viza zipi. Namuuliza mzee anataka kuona nini, na kama amemuuliza mwenyewe. Kisha bandari, kisha njia, kisha ni mto gani wa barafu na meli inausogelea kwa umbali gani. Jina la meli na migahawa yake huja mwisho kabisa, na kwa mzee anayeswali kwa wakati na kula kidogo, wala havina maana.

Mama alirudi Wete bila kuiona barafu. Mwezi uliopita niliwapigia simu ndugu zangu wote kwa pamoja, nikawaambia ukweli: viza, kaunta, mke wangu alivyojitolea, mimi nilivyonyamaza, na uongo wa kwenye kundi. Mdogo wangu wa Wete alikasirika, akasema maneno makali, na nilistahili. Dada wa Muscat alikaa kimya, halafu akauliza, "Wiki ile mama alikula nini?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa sijamuuliza mama hata hilo.

Nilimpigia mama peke yake siku ile ile. Nilimuomba radhi kwa meli. Akasema meli aliisamehe pale pale gatini, maana aliona nimechanganyikiwa. Kisha akasema, "Ila kunifanya muoga mbele ya wanangu, hilo lilinikaa moyoni." Nililia kwenye simu, mtu mzima mwenye watoto. Aliningoja nimalize.

Viza yake ya Marekani bado haijaisha. Nimemweleza habari ya Seward, treni na boti, na safari hii nimemtumia ramani na picha ya boti yenyewe aitazame na wajukuu zake walioko huko. Ameuliza boti ina ukubwa gani, kama nahodha wake ni mtu wa huko huko, na kama maji yake yana mkondo. Hajasema ndiyo. Amesema kwanza aone karafuu za mwaka huu zitakuwaje.